Kuizuru Cordoba Wakati wa Joto



Kila mwaka, zikaribiapo likizo za shule za Ulaya, jamaa zetu wengi wanaokaa Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na kwingineko huanza kushauriana juu ya safari. Wengine huwaalika wazee wao kutoka Unguja, Mombasa au Dar es Salaam waje kuwaona wajukuu, na wakiisha kukutana husema, "Twendeni tukaione Andalus." Na katika miji ya Andalus, iliyo kusini mwa Hispania, aghalabu unaotajwa kwanza ni Cordoba, mji ambao Waarabu waliuita Kurtuba.

Nia hiyo ni njema. Kusafiri kwa ajili ya mazingatio ni jambo ambalo Qurani Tukufu imelihimiza mara nyingi. Lakini likizo za shule huangukia Julai na Agosti, na miezi hiyo ndiyo mikali kuliko yote katika mji huo. Jamaa waliokwenda bila ya kujitayarisha hurudi na hadithi moja tu, nayo ni hadithi ya jua: watoto walilia, bibi alishikwa na kizunguzungu, baba na mama waligombana njiani, na ule msikiti mashuhuri waliokuwa wameukusudia waliupita mbiombio wakitafuta mahali pa kukaa. Fedha nyingi zimekwenda na faida haikupatikana.

Basi mwezi huu ukurasa wetu wa jamaa utaeleza namna ya kuipanga safari hiyo. Neno letu kubwa ni hili: Cordoba wakati wa joto haitembelewi kwa kufuata saa ya mkononi, bali hutembelewa kwa kulifuata jua. Waliouanzisha mji ule walilijua jua lao, wakajenga nyumba, njia na misikiti kwa kulihisabu. Na sisi Waislamu tumekwisha kufundishwa kuigawa siku yetu kwa jua, kwani Sala zetu tano ndivyo zilivyopangwa. Mwenye kuyashika mambo hayo mawili atauona mji, atarudi na afya yake, na atarudi na elimu.

Aliye na hiari ya kuchagua, na achague Machi au Aprili, au Oktoba na Novemba, wakati hewa ni nzuri. Yafuatayo ni kwa wale ambao likizo ya shule imewafunga.

Joto lenyewe

Mtu wa Pwani akiambiwa habari ya joto hucheka. "Sisi," husema, "tumezaliwa nalo." Hapo ndipo anapokosea. Joto la Mombasa na la Unguja ni joto la bahari. Hata Kaskazi ikiwa kali, ni nadra kuvuka digrii 35, na jioni upepo wa bahari huja kutupoza. Cordoba imo katika bonde la mto Guadalquivir, jina ambalo ni lile lile la Kiarabu, Wadi al-Kabir, na bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 100. Katika Julai na Agosti joto la mchana hufika kwa wastani digrii 37 hivi, na siku nyingi huvuka 40. Tarehe 13 Julai 2017, katika uwanja wa ndege wa mji huo, zilipimwa digrii 46.9, na kipimo hicho hicho kilifikiwa tena Agosti 2021.

Tena joto hilo ni kavu. Kwetu sisi mtu akitoka jasho nguo hulowa, naye hujua kwamba maji yanamtoka, kwa hivyo hunywa. Huko jasho hukauka juu ya ngozi kabla mtu hajalihisi. Hutembea saa mbili akijiona mzima, kumbe mwili umekwisha kupungukiwa na maji. Kwa hiyo huko mtu hangojei kiu. Hunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, kila mmoja akiwa na chupa yake, na maji ya bomba ya mji huo ni salama kunywa.

Yafaa kila mzazi azijue dalili. Mtu akiumwa na kichwa, akiona kizunguzungu, akichafukwa na moyo, miguu ikikamatwa na misuli, huyo joto limeanza kumshinda. Aketi kivulini, alegezewe nguo, anyweshwe maji yenye chumvi kidogo na sukari, arudishwe nyumbani. Lakini akianza kusema maneno yasiyo na maana, au kutangatanga kama aliyelewa, au kuzimia, na mwili ukiwa unawaka kama moto, hiyo ni hatari ya kufa. Apoozwe mara moja kwa maji na upepo, na gari la wagonjwa liitwe kwa namba 112, ambayo hutumika katika Hispania yote. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Watoto wadogo na wazee ndio wanaodhurika upesi. Na wazee wetu wengi wana maradhi ya shinikizo la damu, sukari au moyo. Dawa nyingine za shinikizo huutoa mwilini maji na chumvi kwa njia ya mkojo, na katika joto la namna hiyo jambo hilo laweza kumwangusha mtu. Kabla ya kumkatia mzee tiketi, na aende kwa daktari wake amweleze anakokwenda na mwezi gani, naye daktari ataamua kama dawa zibadilishwe kipimo. Mwenye sukari atumiaye sindano asiiache dawa hiyo katika gari wala katika mkoba uliowekwa juani, kwani huharibika. Kama daktari amesema mzee asiende, basi asiende. Heshima ya mzazi ni kumhifadhi, wala si kumchukua kila mahali.

Saa za huko na Sala zetu

Hispania hutumia saa ya Ulaya ya kati, ijapokuwa nchi yenyewe iko mbali upande wa magharibi, na wakati wa joto saa husogezwa mbele tena. Kwa hiyo jua na saa haviendi pamoja. Mwisho wa Juni huko Cordoba, jua hutoka saa 1 ya asubuhi na kuchwa saa 3 na dakika 45 za usiku. Adhuhuri huingia kiasi cha saa 8 na dakika 20 mchana, Alasiri saa 12 na robo, na Isha hufika karibu na saa 5 na dakika 40 za usiku. Mtu wa kwetu aliyezoea kusali Magharibi saa 12 na nusu ataona ajabu.

Hizo zote tumezitaja kwa hisabu yetu ya Kiswahili. Msafiri na awe mwangalifu na tiketi: iliyoandikwa 10.00 ni saa 4 yetu ya asubuhi, na iliyoandikwa 17.00 ni saa 11 ya jioni.

Faida ya kuzijua saa hizi ni kubwa. Watu wengi hudhani kwamba saa 6 ya mchana ndiyo kilele cha joto. Huko sivyo. Kwa kuwa adhuhuri yenyewe ni baada ya saa 8, joto hufika upeo wake baina ya saa 11 na saa 1 ya jioni, wakati ambao mgeni, kwa mazoea ya kwao, husema, "Sasa jua limepungua, tutoke." Hutoka akakutana na tanuru. Kwa hiyo muda wa kukaa ndani ni tangu saa 6 ya mchana hata saa 2 ya usiku, nalo jua bado litakuwa linaonekana. Wenyeji nao hufanya hivyo. Maduka mengi hufungwa mchana, mahali pengi pa ukumbusho hufungwa mapema zaidi kuliko katika miezi mingine, na watu hutoka jioni pamoja na watoto wao wakatembea hata usiku mwingi.

Sheria yetu nayo haikumwacha msafiri katika dhiki. Mtume s.a.w. aliwaelekeza masahaba zake waicheleweshe Adhuhuri joto likizidi, mpaka hewa ipungue ukali. Msafiri ana ruhusa ya kufupisha na kukusanya Sala kwa masharti yake, na wenye watoto wadogo wataona neema ya kukusanya Magharibi na Isha badala ya kuwaamsha watoto karibu na usiku wa manane. Wafuasi wa Imamu Shafi wana hisabu yao ya siku ambazo mkaaji bado huhesabiwa msafiri, basi kila mwenye nyumba na amwulize shekhe wake kabla ya kuondoka, asije akabishana na mkewe katika chumba cha hoteli.

Mpango wa siku mbili

Jamaa wengi huja kutoka Madrid au Seville kwa treni asubuhi na kurudi jioni. Treni ya kasi, ambayo njia yake ilifunguliwa mwaka 1992, huchukua kiasi cha saa 1 na dakika 45 kutoka Madrid, na kiasi cha dakika 45 kutoka Seville. Wepesi huo ndio unaowaponza, kwani ajaye kwa siku moja hulazimika kutembea katika saa zile zile za hatari bila ya chumba cha kupumzikia. Bora kulala huko usiku mmiliki wa safari akiwa ametenga siku mbili, katika nyumba iliyo karibu na mji wa kale na yenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Kama fedha ni chache, punguzeni mji mmoja katika safari, msipunguze chumba.

Siku ya kwanza, baada ya Alfajiri na kifungua kinywa, mtoke saa 2 ya asubuhi. Nendeni kwanza kwenye msikiti mkuu wa kale. Kwa desturi ya miaka mingi, asubuhi za siku zisizokuwa Jumapili watu huruhusiwa kuingia bila ya malipo kwa muda wa saa moja ya mwanzo, tangu saa 2 na nusu, lakini hakikisheni kabla, maana sherehe za kanisa huweza kubadili ratiba. Hapo patakuwa na baridi na utulivu. Mkitoka, tembeeni katika vichochoro vya mtaa wa kale wa Mayahudi, kisha kabla ya saa 6 muwe mmerudi. Kuleni, mlale, msali Adhuhuri na Alasiri, na watoto wasome au wacheze ndani. Saa 2 ya usiku mtoke tena, mwende kwenye daraja la kale la Warumi juu ya mto, mlione jua likichwa upande wa bondeni.

Siku ya pili, mwende Madinat al-Zahra mara inapofunguliwa, kwani hapo ni magofu ya wazi mlimani na kivuli ni haba. Mrudi kabla ya joto kupanda, na jioni iachwe iwe ya watoto kuchagua wenyewe waendako. Wala msiongeze jambo jingine. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika mji wa joto neno hilo ni amri ya daktari.

Mji uliojengwa kwa kulihisabu jua

Mtoto wa Mji Mkongwe wa Unguja au wa Lamu, akiingia vichochoro vya Cordoba, hataviona vigeni. Njia ni nyembamba na zimepindapinda, na kuta mbili zikikaribiana kila moja huipa jirani yake kivuli. Kuta ni nene na zimepakwa chokaa nyeupe, ili zirudishe mwanga wa jua zisiunyonye. Nyumba nyingi haziangalii njiani bali huangalia ndani, penye ua uliozungukwa na vyumba, wenye maua katika vyungu na mara nyingi kisima au chemchemi ndogo. Hewa ya baridi ya usiku hutua katika ua huo na kukaa humo sehemu kubwa ya asubuhi, na maji yanayomwagiliwa maua huzidi kuipoza. Mashindano ya nyua hizi, ambayo hufanywa kila mwaka mwezi wa Mei, yalitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2012. Na katika barabara nyingine za biashara, wakati wa joto, vitambaa vikubwa hutandazwa juu ya njia kutoka paa hata paa.

Msikiti nao uliwekwa kwa hisabu hiyo hiyo. Mbele yake pana uwanja mkubwa uliopandwa miti ya michungwa, na mifereji midogo sakafuni huyapeleka maji kutoka mti hata mti. Zamani upande wa msikiti unaoukabili uwanja ulikuwa wazi kwa milango ya matao, hata safu za miti nje na safu za nguzo ndani zikawa kama zinaendelea, na hewa ikipita. Baadaye mingi katika milango hiyo ilizibwa. Waonyeni watoto juu ya matunda ya miti ile na ya iliyopandwa njiani: ni madanzi, si machungwa ya kula, na atakayeliuma moja atajuta.

Ndani ya msikiti

Aliyeuanzisha msikiti ule ni Abdulrahman wa Kwanza, mjukuu wa khalifa Hisham wa Damascus. Jamaa zake walipouawa na Bani Abbas mwaka 750, yeye alikimbia kijana mdogo, akapita Afrika ya Kaskazini, akafika Andalus mwaka 755, na mwaka uliofuata akaushika mji wa Cordoba. Msikiti aliuanza kiasi cha mwaka 785, akiwa amekwisha kuwa mzee. Vijana wetu waliozaliwa ugenini na wayajue hayo: jengo lile lilianzishwa na mkimbizi aliyepoteza nyumba na jamaa zake.

Waliomfuata waliuongeza mara tatu, na nyongeza ya mwisho, ya waziri al-Mansur, ilianza mwaka 987. Leo nguzo zake zilizosimama ni zaidi ya 850. Nyingi zilitolewa katika majumba ya Warumi, nazo zilikuwa fupi, basi mafundi wakajenga matao juu ya matao, ya matofali mekundu na mawe meupe, ili paa lipande juu na hewa na mwanga vipate nafasi. Mihrabu, iliyopambwa zama za al-Hakam wa Pili katika karne ya 10 kwa vipande vidogo vya vioo na dhahabu, ingali ikimeta.

Mwaka 1236 mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castile aliutwaa mji, na tangu hapo jengo lile ni kanisa. Mwaka 1523 ulianza kujengwa katikati yake ukumbi mkubwa wa ibada ya Kikristo, unaoonekana mpaka leo. Ibada ya Kikristo husaliwa humo kila siku, na Waislamu hawaruhusiwi kusali.

Jambo hili, wazazi, mlizungumze na watoto wenu kabla ya kufika mlangoni. Kijana aliyefundishwa kupenda misikiti, akiingia mahali penye mihrabu nzuri kama ile na akaambiwa asisujudu, moyo wake utamchemka. Mwaka 2010 kikundi cha wageni Waislamu kutoka Austria walianza kusali ndani, wakazuiwa na walinzi, pakawa na mshikemshike, polisi wakaja, na watu wawili wakakamatwa. Hapana aliyefaidika. Mwislamu mgeni huingia kwa ruhusa ya wenye nyumba, na anayeingia kwa ruhusa hushika masharti. Imesimuliwa katika tarehe kwamba Seyidna Umar r.a. alipoingia Yerusalemu alikaribishwa asali ndani ya kanisa kubwa la Wakristo, naye akakataa, akasali nje, kwa kuogopa kwamba Waislamu wa baadaye wangelidai mahali hapo kwa ajili ya Sala yake. Basi aliyeacha kusali ndani ya Cordoba kwa kuheshimu ibada ya wengine ana mfano mwema wa kufuata. Moyo wa mtu haukatazwi kumkumbuka Mola wake, na Sala yake ataisali chumbani, au katika msikiti mdogo ulio kwenye bustani ya Plaza de Colón, upande wa kaskazini wa mji wa kale.

Tena tusiwafundishe watoto nusu ya habari. Al-Mansur alipoupiga mji wa Santiago de Compostela mwaka 997, imesimuliwa kwamba kengele za kanisa lake zililetwa Cordoba juu ya mabega ya mateka Wakristo, zikafanywa taa za msikiti. Na Ferdinand alipoutwaa mji mwaka 1236, imesimuliwa kwamba aliamuru kengele zile zirudishwe kwao juu ya mabega ya mateka Waislamu. Dola zinapokezana. Mtoto akizisikia habari hizi mbili pamoja hatatoka mle na chuki wala na majivuno, bali atatoka na mazingatio.

Magofu ya Madinat al-Zahra

Kilomita 8 hivi magharibi ya Cordoba ndiko khalifa Abdulrahman wa Tatu alikoanza kujenga mji wake wa kifalme mwaka 936. Ulikuwa na kumbi za marumaru, bustani na maji yaliyoletwa kwa mifereji kutoka milimani. Haukudumu hata miaka 80. Kiasi cha mwaka 1010 ulivamiwa, ukaporwa na kuchomwa, na vitu vyake vikachukuliwa kidogo kidogo kwa karne nyingi. UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2018.

Nani aliyeuvunja? Hakuwa Ferdinand, ambaye alikuja zaidi ya miaka 200 baadaye. Uliharibiwa katika fitina ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe, walipogombea ukhalifa. Katika safari nzima hili huenda likawa somo kubwa kuliko yote, na hapafai mahali pengine pa kulisoma kuliko pale mlimani asubuhi, watoto wakizitazama nguzo zilizosimama bila ya dari. Tukitaja utukufu wa Andalus, na tutaje pia uliangukaje.

Kujitayarisha kwa elimu

Miezi miwili kabla ya safari, mpeni kila mtoto mtu mmoja wa Cordoba amsome, kisha jioni moja huko huko awasimulie wenzake. Yuko al-Zahrawi, tabibu aliyeandika juu ya upasuaji na kuchora vyombo vyake. Yuko Ibn Hazm, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 994 na kuiona ile fitina kwa macho yake. Yuko Ibn Rushd, kadhi, tabibu na mwanafalsafa, aliyezaliwa mwaka 1126. Yuko Musa bin Maymun, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, ambaye alizaliwa mji huo huo na kuandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu. Na yuko al-Qurtubi, mwenye tafsiri ya Qurani ambayo masheikh wetu wa Pwani huirejea mpaka leo, na jina lake lenyewe maana yake ni mtu wa Kurtuba. Huyu alihama mji wake ulipotwaliwa, akafia Misri mwaka 1273. Wako wanaokiona kitabu chake kila siku rafuni nyumbani bila ya kujua kwamba mwenyewe aliondoka kwao asirudi tena.

Lakini jihadharini na hesabu za kutia chumvi. Vitabu vingi hutaja idadi kubwa sana za vitabu, mabafu na watu wa Cordoba ya zamani, ambazo wanahistoria wa leo hawazikubali zote. Yaliyo ya kweli yanatosha.

Chakula na karatasi

Katika chakula, tahadhari kubwa ni nyama ya nguruwe, ambayo huingia hata mahali isipodhaniwa. Mchuzi mzito wa baridi uitwao salmorejo, wa nyanya, mkate, mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, ni chakula kizuri sana cha wakati wa joto, lakini aghalabu juu yake hunyunyiziwa vipande vya nyama hiyo. Ombeni mapema visitiwe, kwa kusema "sin jamón". Kadhalika mabiringani ya kukaangwa yenye asali hupendwa na wengi, bali ulizeni kama mafuta yake ndiyo yaliyokaangiwa nyama. Mpunga na samaki si haba, na aliye na jiko katika nyumba aliyopanga hana wasiwasi.

Wenye pasi za Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe siku 15 za mwisho. Bima ya matibabu ya Euro 30,000 ni sharti, na kwa safari ya joto bima hiyo si karatasi tu. Tangu Juni 2024 ada ya viza ni Euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka asiyetimiza 12. Nguo ziwe za pamba, pana na za rangi nyeupe au hafifu, na akina mama watafute mabuibui mepesi yasiyokuwa meusi. Viatu viwe vya soli nene, maana njia zimetandikwa mawe.

Jambo la mwisho ni la mwenye nyumba. Kabla ya kulipa nauli, wakusanye watu wako, uwasomee mpango huu, na kila mmoja akubali kwamba mchana wote mtakaa ndani. Kijana atakayenung'unika kwamba mnapoteza wakati, mwambieni kwamba wenye mji wenyewe, karne kwa karne, walilala mchana wakaandika vitabu usiku.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu salama ya kwenda na kurudi, na awape macho ya kuzingatia. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam.